Mfalme wa Konani

Zamani mchezo wa chesi uliofika ukingoni bila mshindi ulifunikwa kwa ungo hadi Jumamosi nyingine, kila mtu akaenda nyumbani akiuwaza. Siku hizi kompyuta inaulizwa, inajibu kabla chai haijapoa, na watu wanainuka.

Ungo ulikuwa wa Erastus, mshona viatu wa Machakos aliyejifunza chesi katika kitabu kisicho na jalada. Kitheka alikuja kutoka kiwandani Mavoko, Muthoka kutoka Kola, na kilichowarudisha kibarazani kwake ni ule mchezo uliofunikwa.

Kisha Ndunda akafungua saiba, duka la kompyuta za kukodi, ng'ambo ya barabara. Jumamosi moja Kitheka alifunua ungo na kumlaza mfalme wake kabla hajaketi. Alikuwa amebaki na mfalme peke yake. Erastus alikuwa na askofu na askari mmoja wa pembeni. Mashine ya Ndunda, alieleza, imempa Erastus alama zaidi ya nne, yaani atashinda tu.

"Hujashindwa," Erastus alisema. "Msimamishe."

"Mzee, umepewa ushindi unaukataa?"

"Nani kanipa?"

Akavuka barabara na aproni yake, wenzake nyuma. Akaipa mashine askofu na askari, yeye akachukua mfalme mtupu, akamkalisha konani, kule askari alikokuwa akielekea. Askofu alitembea kwenye miraba myeupe tu, na kona ile ilikuwa nyeusi. Mashine ikafukuza, mfalme akatoka hatua moja, akarudi. Muthoka akacheka kwamba mzee anakimbizwa kama kuku wa Krismasi. Alama zikakaa juu ya nne. Mwishowe mashine ikamsukuma askari, mfalme akakosa pa kwenda na hakuna aliyemtisha. Kwa sheria za chesi, hiyo ni sare.

Ndunda hakutahayari. Alisema mwezi ujao ataweka programu mpya, inayozijua hizo kona.

"Iweke," Erastus alisema. "Itajua. Na nyinyi mtajua nini?"

Kitheka alikwisha kuanza kuipangia mashine swali lingine, Muthoka akiinama begani kwake.

Erastus alirudi, akamsimamisha mfalme wa Kitheka konani, akafunika. Jumamosi zikapita, akakataa kupanga mchezo mwingine.

Mara ya mwisho Erastus kuwaona, walikuwa wakitoka saiba jioni. Aliinua ungo juu kabisa ili wauone ubao. Kitheka alipunga mkono kama mtu anayemsalimu jirani, wakashika njia ya stendi. Erastus akamfuta mfalme vumbi, akamrudisha konani akiwa wima, akaufunika tena.