Mkata Majani na Mizizi Iliyojaa Jua

Saa mbili asubuhi, Mama Mkasi anapiga magoti mbele ya mche wa maharage ndani ya kitalu nyumba. Anakata jani, analikunja, analitia kwenye kichupa chembamba kama kidole cha mtoto, kisha anakitumbukiza kwenye chombo cha baridi kali kinachofuka moshi mweupe. Midomo yake imehesabu hadi saba.

"Ikifika kumi nimechelewa," anasema bila kuinua macho. "Jani likikatwa linashtuka. Sisi tunataka kujua lilikuwa likifanya nini kabla ya kushtuka."

Kwa miaka tisa kazi yake ni hiyo: kukata jani, ua, shina, mzizi. Maabara husoma jeni zilizokuwa zikifanya kazi ndani yake, na majibu huwekwa kwenye kanzidata iliyo wazi kwa dunia nzima. Kila jibu lina mstari mfupi unaotaja sehemu ya mmea lilikotoka. Mstari huo hutegemea mkono wake.

Mwaka jana mkono huo ulikosea.

Miezi mitatu hivi iliyopita, mwanafunzi mmoja wa nchi ya mbali aliyesoma kanzidata ile aliandika kuuliza: mbona mizizi yenu imejaa jeni za kunasa mwanga wa jua? Mzizi unakaa gizani, jua umelitoa wapi?

Lawama zikamwangukia fundi wa mashine ya kusomea jeni, mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Daktari anayeongoza utafiti akaagiza asiguse mashine mpaka ijulikane amechanganya nini.

"Alikaa kwenye benchi nje, mikono mapajani. Mtu asiyejua kukaa!" anasema Mama Mkasi. "Nikamtania, 'Baba, leo umekuwa bosi?' Akanijibu, 'Binti yangu, labda kweli nimezeeka.' Roho ikaniuma."

Akafungua daftari lake la kazi. Siku alipokata sampuli zile jua lilikuwa kali, akahamia meza ya kivulini katikati ya kazi. Wakati huo lebo zilibandikwa mwishoni, kwa kufuata safu za trei: majani kushoto, mizizi kulia.

"Meza ile nilikaa upande wa pili," anasema. "Trei ilibaki vilevile, mimi ndiye niliyegeuka. Kushoto kwangu kukawa kulia."

Ana watoto wawili shuleni na mkataba wa miezi sita sita. Ulikuwa unaisha mwezi uleule. Alizunguka kitalu mara mbili, akajifanya anaangalia maji, kisha akabisha mlango wa Daktari.

"Daktari, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nimegeuza lebo. Mwache baba wa watu."

Wakaenda kwenye friji wakatoa kichupa kilichosalia, chenye lebo ya mzizi. Ndani, unga wa sampuli iliyosagwa ulikuwa kijani kibichi, rangi ya jani.

"Daktari akakirudisha kichupa. Akaniuliza, 'Unajua mkataba wako unaisha?' Nikamwambia, 'Najua. Na benchi lile najua ni gumu.'"

Fundi alirudi kwenye mashine siku hiyohiyo. Kwenye kanzidata mstari ulisahihishwa. Mama Mkasi alipewa mkataba, lakini wa miezi mitatu, na sasa lebo hubandikwa kabla ya kukata. Mkataba huo unaisha wiki ijayo. Daktari amesema atauangalia baada ya sampuli za leo.

Leo mizizi ishirini na minne inakatwa upya ili kuhakikisha majibu yale.

"Binti!" fundi anaita kutoka mlangoni. "Kushoto ni mkono gani?"

"Ni huu utakaokuchapa, baba!" Anacheka, lakini anaitazama lebo tena.

Anang'oa mche, anausuuza udongo taratibu kama anayeosha uso wa mtoto mchanga. Ndoto yake ni kupewa siku moja kazi ya kuwafundisha wakataji wapya. Kwanza anataka kumaliza hii.

"Yule mwanafunzi simjui, wala yeye hanijui," anasema. "Lakini aliniamini. Nataka safari hii akisoma 'mzizi', awe ameshika mzizi."

Mkasi unalia. Moja, mbili, tatu.