Mstari wa Mkaa Ukutani

Jana, katika duka la dawa hapa Deira, Dubai, nilifungua chupa ya dawa ya kuongeza damu. Ile harufu ya chuma kilichotiwa sukari ikanirudisha kwenye maegesho ya nyuma ya jengo letu la utotoni.

Tulicheza besiboli kwa rungu lililoachwa na mpangaji Mmarekani. Sheria hatukuzijua, tulijua kupiga mbali tu. Aliyewashinda wote alichorewa mstari wa mkaa ukutani, usawa wa pale mpira wake ulipoangukia, na mstari ulikuwa wa binamu yangu tangu Ramadhani.

Siku moja nilikunywa vijiko vitatu vya dawa ya bibi ya kuongeza damu, nipate nguvu, kabla ya kushuka. Mpira wangu ukaupita mstari wake.

"We, meno yako mbona meusi?" binamu akauliza.

"Nimekula zambarau."

"Zambarau za wapi, Dubai hii? Haya, sema wallahi hukunywa kitu."

Kwetu mstari haukuchorwa bila kiapo. Wenzetu wote walikuwa wamenizunguka, na nyuma yangu ulikuwa ukuta.

Siku hizi wenzangu kazini hubishana kama rekodi za wapigaji besiboli waliotumia dawa za kuongeza nguvu zifutwe. Mimi, msomi wa vyuo viwili, hukumbuka ghafla kwamba nina simu ya kupiga.

Nilisema wallahi. Binamu aliniamini palepale, akafuta mstari wake kwa kiganja, yeye mwenyewe akauchora wangu, mnene, ulionyooka, huku akiwaambia wengine wapige makofi.