Zamu ya Seva

Kaka yangu Muturi hutengeneza masanduku ya mabati ya wanafunzi hapa Shauri Moyo. Kutwa ni kugonga tu, na akirudi jioni lazima umsemeshe kwa kelele ndiyo asikie. Lakini mguse habari za seva za gemu uone. Atakueleza mpaka chai ipoe. Mashine yenyewe hajawahi kuiona kwa macho. Ameikodi, iko huko nchi za watu, naye anaiendesha kwa ukurasa mmoja wa mtandaoni anaouita paneli. Hapo kuna kitufe cha kuwasha, cha kuzima, cha kuwasha upya. Unachagua gemu, unaigawia kumbukumbu, unangoja maandishi yamalize kuteremka kwenye skrini, kisha unawapa wenzako anwani waingie. Mimi dadake, Teresiah, nilikuwa namwambia, "Mtu mzima na ndevu zako, gemu za nini?" Baba ndiye aliyeninyamazisha.

Baba yetu, Mzee Munene, alikuwa mtu wa reli, na tangu ujana wake alikaa Makongeni. Nyumba zilipobomolewa tukahamia chumba hiki, kichwa chake kikiwa kimeshaanza kumwacha. Kila siku ni, "Teresiah, twende nyumbani." Namwambia, Baba, nyumba haipo, ilibomolewa. Analia kana kwamba ni habari ya leo. Kesho amesahau, tunaanza upya. Jamani, kumpa mtu msiba uleule kila kukicha si mchezo, unakonda wewe mwenyewe. Nilichoka hadi nikisikia jina langu likiitwa nataka kutoka nje nikasimame tu barabarani.

Basi Muturi akafungua seva ya ile gemu ya kujenga kwa vitofali vya mraba, akawaita majirani wetu wa zamani. Walikuwa wametawanyika, huyu Kayole, yule Dandora, Wanyonyi amerudi kwao Bungoma. Kila mmoja akajenga pale alipokuwa akiishi, na wakagombana vizuri sana juu ya mfereji wa maji ulikuwa upande gani na kamba ya nguo ilikuwa ya nani. Makongeni ikasimama tena, ndani ya kompyuta. Jumapili tukitoka kanisani, Muturi anamkalisha Baba mbele ya skrini na kumtembeza.

"Pinda hapo kwa kina Triza," Baba anasema. "Huyu Wanyonyi naye hajafagia mbele yake, ona."

Akifika mlangoni petu anashusha pumzi, anaitisha chai. Siku kadhaa zinapita bila kudai kupelekwa nyumbani, nami napata usingizi. Hiyo ndiyo kazi ya gemu niliyokuwa naidharau.

Sasa, kule Makongeni vyoo na mfereji vilikuwa vya wote. Tulisafisha kwa zamu, na ole wako umkabidhi mwenzako zamu chafu, utasemwa hadi Krismasi. Muturi akaihamishia desturi hiyo kwenye seva. Kila nyumba ikapewa pasiwadi ya paneli na wiki yake ya kuangalia, na seva ikikwama waiwashe upya. Nilimwambia, "Ufunguo si ukae nao mwenyewe?"

"Kwani ni yangu?" akanijibu. "Ni ya wote."

Ukweli ni kwamba alikuwa hoi. Umetoka kugonga mabati, na huyu anapiga simu, na yule anapiga, eti seva imekwama. Nani hangegawa mzigo?

Zamu ikamfikia Wayua. Tulikuwa tumepakana naye, ukuta mmoja, mwanamke wa Kitui, msafi wa kupitiliza, yule wa kupiga deki mvua ikinyesha. Jumamosi akafungua paneli, akakutana na maandishi mekundu, diski imejaa. Angepiga simu tu. Lakini Wayua akabidhi zamu chafu? Thubutu! Akaingia kwenye mafaili, akaona rundo kubwa lenye tarehe za zamani, akafuta. Akaona na nakala za akiba, nazo zimejaza, akafuta. Mekundu yakaondoka. Akaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, "Nimesafisha, iko safi kabisa," na sisi sote tukamshukuru. Hata mimi nilituma dole gumba, mjinga mimi.

Jumapili Baba alikuwa amekaa na koti lake la kanisani, tayari kwa safari. Muturi akafungua. Nyasi. Nyasi tupu mpaka mwisho wa macho, na mawingu. Akawasha upya, nyasi. Akaenda kwenye nakala, hakuna hata moja. Akampigia Wayua.

"Si ilikuwa imejaa?" Wayua akasema.

"Wayua, umefuta Makongeni."

Nilimpokonya Muturi simu nimwage yote niliyokuwa nayo moyoni. Nikamsikia analia, "Teresiah, nilikuwa nasafisha tu, haki ya Mungu." Nikamwambia, basi, nyamaza, nikakata. Muturi akatupa kipanya mezani. "Nimemaliza na hii kitu," akasema. "Nafunga. Nimechoka mimi."

Baba alikuwa bado anatazama skrini.

"Wamebomoa," akasema. Safari hii hakuna aliyemwambia.

"Ndiyo, Baba," nikajibu.

"Na nyinyi mlikuwa mnajua?"

"Tulikuwa tunajua."

Akatutazama mmoja mmoja, macho yake yako sawa kabisa, kama ya zamani. "Mmebeba hili peke yenu? Poleni, wanangu. Poleni sana."

Tangu tuhame nimepewa ushauri na kila mtu, wa kanisa, wa ukoo, wa ploti hii tunayopanga. Pole hakuna aliyenipa. Nililia mbele yake bila kujificha, na Muturi akageukia dirisha akijifanya anatafuta kitu.

Baba akasinzia kitini. Alipoamka chai ilikuwa mezani, na macho yalikuwa yamerudi kule kwingine.

"Teresiah," akasema, "mbona tunakawia? Twende nyumbani."

Nikamtazama Muturi. Akapangusa uso kwa kiganja, kisha akavuta kiti karibu na skrini na kuokota kipanya.

"Ngoja kidogo, Baba. Fundi bado anajenga."

"Sawa, nitangoja. Lakini mwambie aanzie jikoni," Baba akasema. "Mama yenu hapendi kukawizwa."

Mama tulimzika kabla ya kuhama. Muturi akaanzia jikoni.