Kikapu Chekundu Nilichopeleka Ubatizoni Mwanda

Haya, chekeni kabisa mapema, maana mkinikatiza katikati sitapata nguvu ya kuianza tena hii aibu. Kule Mwanda kwa wakwe zangu mpaka leo naitwa Majeruhi, na kuna watoto wadogo wananisalimia "Shikamoo Shangazi Majeruhi" kwa heshima zote, wakidhani ndilo jina nililopewa na wazazi wangu. Afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa mume wangu, ambaye kila akisimulia ananiongezea chumvi.

Mnajua kazi yangu. Kutwa niko kaunta, duka la dawa za mifugo hapa Voi, nauza dawa ya kupe nikieleza mtu yule yule kipimo kile kile, na nikirudi nyumbani kuna wanangu Zawadi na Mwakio, kuna homework, kuna ugali, kuna sare za kufua. Sasa mtu kama huyo anatafuta nini kwenye kusuka vikapu? (Ni simu, si mimi.) Nilikuwa nikitazama video za mama mmoja anasuka kikapu cha katani huku anaongea polepole kama anabembeleza mtoto, nikaona, aa, hii si kazi, haya ni mapumziko. Nikanunua katani sokoni, na sindano butu, nikaanza. Kitako peke yake nilikisuka nikakifumua, nikakisuka nikakifumua, mpaka nyuzi zikaota manyoya. Kikapu cha kwanza kilitoka kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mambo ya majirani. Mume wangu akakizunguka, akauliza, "Hii ni kofia ama?" Lakini cha pili kilisimama. Jamani, kilisimama chenyewe mezani! Na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvimba.

Wakati huo wifi yangu mdogo, Wakesho, alikuwa anajiandaa kubatiza mtoto wake wa kwanza. Nikampigia mama mkwe simu.

"Mama, safari hii siji na beseni la dukani. Naleta kikapu nimekisuka kwa mikono yangu."

Akauliza, "Wewe?"

"Mimi, Mama."

"Basi utatangulia mbele ya wamama wanaobeba zawadi, watu wakione."

Mnaona? Sasa kikapu cha kawaida hakitoshi tena, lazima kiwe na rangi, na nikachagua nyekundu. Yule mama wa video alisema chemsha nyuzi kwenye rangi na chumvi na siki, uziache zitokote sana, kisha uzisuuze mpaka maji yatoke meupe. Mimi nikazibandika jioni nikitoka kazini. Bado hazijakolea, moto wa gesi ukaanza kupepesuka, wali haujapikwa, Mwakio analia ati mwalimu anataka mchoro wa moyo wa binadamu kesho asubuhi. Nikaitua sufuria. Siki sikutia, kusuuza sikusuuza, nikaanika nyuzi kwenye kamba, na kwa jua la Voi zikakauka kama kuni. Nikajiambia, rangi imeshakauka, itaenda wapi tena? (Vidole vyangu vilikuwa vyekundu muda wote niliokuwa nasuka. Nikadhani ndivyo mafundi wanavyokuwa.)

Nilichosahau ni kwamba Mwanda si Voi. Tulipanda kule tukakuta ukungu na manyunyu, yale manyunyu ya milimani ambayo hayakulowanishi mara moja, yanakuzoea kwanza. Tukajaza kikapu unga na nguo za mtoto, tukaanza kutoka jikoni kwa mama mkwe, na kwa haraka nikagonga kichwa kwenye mlango, ko! Wamama wakanipa pole, nikacheka, nikajitwika kikapu changu, nikatangulia. Nyuma yangu kina mama wamevaa blauzi nyeupe wanaimba, na mimi shingo nimeinyoosha.

Njiani nikahisi kitu kinateremka kwenye paji la uso. Nikajua ni mvua, nikakipangusa kwa kiganja, shavu hili na shavu lile, nikaendelea kuimba. Tulipokaribia kanisa nikaona watu waliosimama mlangoni wanabadilika nyuso. Nikasema moyoni, wameona kikapu! Mzee mmoja akavua kofia yake taratibu. Nikamwinamishia kichwa, asante mzee. Ndipo Wakesho, na mtoto mikononi, akapiga ukemi.

"Wueh! Mama Zawadi anatoka damu! Kichwa chote!"

Nikajishika. Nikatazama kiganja. Chekundu. Nikakumbuka ule mlango, nikakitua kikapu.

Niseme ukweli, sikuzimia. Nilikaa tu chini kwenye matope, nikaanza kutoa wosia. Mbele ya kanisa zima, jamani! "Watoto wangu wasome... Baba Zawadi asioe haraka..." na (hii ndiyo inaniuma zaidi) "...na mwambieni gesi imeisha." Mchungaji akaniwekea mkono kichwani akaanza maombi mazito. Mama mkwe amenipakata, blauzi yake yote nyekundu, analia kwa lugha yao ya Kidawida. Mtu akaleta maji akanimwagia, na kadiri alivyomwaga ndivyo damu ilivyozidi, maana nywele zilikuwa zimeinywa rangi sawasawa, na kila wimbi jekundu likishuka watu wanapiga kelele upya, nami napiga nao. Ubatizo ukasimama. Nikabebwa mzobemzobe mpaka kwenye pikapu iliyokuwa imeleta mbuzi wa sherehe, na mbuzi mwenyewe bado yumo, nikalazwa kando yake.

Wifi yangu mkubwa, Mkamburi, ni nesi. Akapanda nyuma nami, kichwa changu mapajani, anapekua nywele. Mama mkwe naye akapanda akimkabidhi kile kikapu: "Kishike, ni kazi ya mikono yake, kisipotee." Gari likawashwa.

"Kidonda kiko wapi?" Mkamburi akauliza.

"Kitafute," nikamwambia kwa sauti ya kuaga. "Ni kikubwa."

Akapekua tena. Akatazama mikono yake, akatazama kikapu, kilikuwa kinadondosha matone mekundu kwenye gauni lake, tone, tone. Akaninusa kichwa.

"Mama Zawadi, hizi nyuzi ulizitia siki?"

Nilifumba macho, nikaomba angalau kidonda kidogo, hata cha ukucha.

"Dereva, zima gari!" Mkamburi akaita, na sauti tayari inatetemeka kwa kicheko. "Majeruhi ni kikapu!"

Kama hamkusikia kicheko cha wamama wa Mwanda siku ile, hamjui kicheko. Mama mkwe alicheka akashikilia mbuzi asianguke. Mimi nililia, si utani, nililia kwa aibu, kwa sababu nilikuwa nimesimamisha siku ya mtoto wa watu. Mama mkwe akanipangusa kwa upindo wa leso yake, akasema, "Nyamaza, mwanangu. Ningelia zaidi kama ingekuwa damu." Kisha akanishika mkono tukarudi kanisani pamoja, sote wawili wekundu, na mchungaji akabatiza mtoto kwa kiganja kilichokataa kutakata kwa sabuni yoyote. Kwenye picha kinaonekana vizuri sana.

Na ile rangi iliyokataa kushika kwenye katani, ikashika usoni kwangu. Jumatatu nilisimama kaunta na paji jekundu, na kila mteja ananiuliza kama ile dawa ya kupe ina madhara.

Kusuka sijaacha, msije mkafurahi. Lakini nimeapa: kitu nilichokitengeneza usiku huku nimeshika mwiko kwa mkono mmoja, hakitapanda kichwani mwangu mpaka kilale kwanza kwenye ndoo ya maji. Na nikigonga kichwa tena, nitanyamaza, nijitafutie kidonda mwenyewe, kabla sijaanza kutoa wosia.