Mshika Ngazi Mwenye Tai

Tangazo. Kwa heshima na taadhima, umma unaarifiwa kwamba aliyekuwa Mkuu wa Shule kwa miaka kumi na mmoja, mwenye ofisi ya mapazia mawili, kengele ya mezani na tarishi wa kumpokea mkoba getini, ameteuliwa kushika wadhifa mpya ughaibuni, nao ni Mshika Ngazi. Uteuzi umeanza mara moja. Hakuna hafla. Wanaotaka kumpongeza wapitie upande wa pili wa nyumba, kwa kuwa upande huu rangi inadondoka.

Ngazi yenyewe ilikuwa ya mkewe. Mkewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba za watu, na hakuwahi kulificha hilo. Walikutana alipokuja likizo na wenzake sita kupaka rangi madarasa ya shule ya Mkuu. Walijilipia ndege, wakaja na brashi zao. Katika chumba cha walimu jambo hilo lilijadiliwa kwa kina kuliko mtaala. Ni mtu wa namna gani anayelipa nauli kuvuka nusu ya dunia ili akafanye kibarua cha bure? Makamu wa Mkuu, mtu wa kufunga mijadala, aliufunga na huo: ni mtu ambaye fedha zimemzidi mpaka anazitafutia adhabu.

Kwa hiyo yule mwanamke alipomwambia Mkuu, akiwa juu ya ngazi na doa jeupe puani, "Hata kwetu hii ndiyo kazi yangu," Mkuu aliguswa. Alidhani ni unyenyekevu. Alimpenda kwa unyenyekevu huo, akamwoa kwa unyenyekevu huo, na miezi minane baadaye akateremka kwenye ndege akaukuta unyenyekevu umeegeshwa nje ya uwanja, una magurudumu manne, makopo nyuma, na ngazi ya mita sita imefungwa juu kwa kamba.

Kilichomvuruga si ufukara. Ufukara angeuelewa. Kilichomvuruga ni kwamba hakuukuta. Nyumba ilikuwa ya ghorofa, na bustani ilikuwepo. Mkewe alikwenda kwa daktari wa meno bila kumbembeleza mtu. Na bado mwanamke huyu mwenye ghorofa lake alipiga magoti Jumamosi akasugua choo kwa mkono wake, huku anaimba. Sasa mtu wa aina hiyo unamweka fungu gani? Kwao Mkuu angekusomea hadhi ya mtu kabla hajashuka garini: viatu vyake, nani anamfungulia geti, nani anaanza kumwamkia nani. Huku kila mtu alifungua geti lake mwenyewe, na kuhusu viatu, wote walionekana kama wametoka kukimbia.

Basi Mkuu akashikilia kitu kimoja alichokuwa na uhakika nacho, nacho ni tai. Alizileta tisa. Kila asubuhi alifunga moja, akavaa ovaroli juu yake, fundo likachungulia kifuani, akaenda kazini kushika ngazi.

Na ngazi, tusimnyime haki yake, aliishika sawasawa. Mkewe alimfundisha siku ya kwanza: kila ngazi ikipanda hatua nne, miguu yake itoke ukutani hatua moja. Mguu wako ukanyage kipago cha chini, mikono miwili pembeni, macho juu. Kabla ya kupanda, mkewe aliuliza, "Umeshika?" na yeye akajibu, "Nimeshika." Waliulizana hivyo mara arobaini kwa siku. Nzi alitua puani, simu ikalia mfukoni, mvua ikaanza, Mkuu hakuachia.

Nyumbani kwao alisema anafanya kazi "kwenye majengo". Alilisema kwa simu, upesi, na wenyewe wakalimalizia. Kufikia wiki ya pili alikuwa Mkurugenzi wa Majengo. Hakukanusha. Ni kazi kumkanusha mama yako akiwa amekwisha kuwaambia majirani.

Tukisema majirani, kuna huyu wa kushoto. Alikuwa mzee mwembamba, sweta limetoboka kiwiko, buti za matope, kila jioni yuko bustanini na mkasi wa kukatia ua au anavuta pipa la taka barabarani. Mkuu aliwahi kumuuliza mkewe mzee yule ni nani, akajibiwa kwamba anafanya kazi mahakamani. Mkuu akaelewa: anafagia, na jioni anajiongezea kwa bustani za watu.

Alimtendea vizuri. Mkuu hakuwa mtu wa kudharau wafanyakazi. "Kazi njema, mzee," alimwambia siku moja, mikono nyuma, tai imenyooka. "Ukimaliza hapo, na upande wetu umezidi kidogo."

Mzee akautazama ua, akaitazama tai. "Sawa, bwana," akasema, akaukata. Mkuu akamletea chai katika kikombe kilichovunjika mkono, maana vikombe vizima vina watu wake. Ikawa desturi ya kila Alhamisi: mzee anakata, Mkuu anasimamia, chai inakuja. Wakati mwingine Mkuu alimpa na mawaidha kidogo juu ya kuwahi kazini.

Ikaendelea hivyo hadi jioni moja mkewe alipoingia jikoni, akaweka funguo mezani, akamtazama muda mrefu.

"Jirani ameniuliza kitu leo."

"Anataka nyongeza?"

"Nyongeza ya nini?"

"Ya ua. Nilijua atafika huko."

Mkewe akavuta kiti akakaa. "Ameniuliza kesi yako imefikia wapi."

"Kesi gani?"

"Mume wangu, huku tai huvaliwa na mwuza bima, na mhudumu wa hoteli, na mtu anayeitwa mahakamani. Wewe huuzi bima. Ana huruma sana na wewe. Amesema yeye hawezi kuingilia kwa sababu ya kazi yake, ila anamjua wakili mzuri."

"Kazi yake ipi ya kumzuia? Ya kukata ua?"

"Ni jaji."

Mkuu akaishika tai yake. Friji ikanguruma, ikanyamaza.

"Ulisema anafanya kazi mahakamani."

"Si ndiko majaji wanakofanya?"

"Mimi nikajua anafagia."

Mkewe alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Mkuu hakucheka. Mkewe alipomaliza, yeye akasema kwa sauti ndogo ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuisikia, "Nimekuwa nikimpa chai kwenye kikombe kisicho na mkono."

"Anakipenda. Anasema tangu mkewe afariki hakuna mtu mwingine anayemletea chai."

Hilo lilimmaliza kabisa. Kwa wiki tatu Mkuu alipita bustanini akiwa ameinama, kama mtu anayetafuta shilingi. Jaji, naye, akadhani kesi imekwenda vibaya, akamwachia faragha yake.

Hapo ndipo ulipokuja ujumbe wa makamu. Yule makamu wa kufunga mijadala siku hizi alikuwa Afisa Elimu, na anakuja mkutanoni mji huu huu kwa siku nne. Jumapili atapita kula chakula cha mchana na Mkurugenzi wa Majengo. Walimu wote wanasalimia.

Mkuu aliusoma akiwa amesimama, kisha akausoma tena amekaa. Usiku wa Ijumaa, wakati mkewe anaosha brashi kwenye sinki la nje, akaja akasimama karibu.

"Gari tunaweza kuliegesha mtaa wa pili," alisema.

"Kwa nini?"

"Jumapili tu. Na makopo. Na ngazi."

Mkewe aliendelea kukamua brashi. Maji meupe, kisha maji ya kijivu, kisha maji. "Na mimi?" akauliza. "Mimi unaniegesha wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Angeuliza kwa ukali, Mkuu angekuwa na la kujibu.

Jumapili asubuhi gari lilikuwa mtaa wa pili. Makopo yalikuwa chini ya kitanda. Ngazi ilikuwa tatizo. Ni mita sita, na nyumba haikujengwa kwa udanganyifu wa urefu huo. Mwishowe wakaipitisha korido ya juu, ikalala bafuni, kichwa chake kikatokeza nje kwa dirisha la nyuma kama twiga aliyekuja kuoga. Mkewe alivaa gauni la bluu. Alikaa sinkini nusu saa na chupa ya tapentaini, anasugua rangi kwenye kucha.

Afisa Elimu alikuja na suti mpya ya mkutano, koti la rangi ya maziwa, na kitambi kipya pia, vyote vikimkaa vizuri.

"Mkurugenzi," alisema mlangoni, mikono wazi.

"Bwana Afisa. Karibu, karibu ndani."

"Na huyu shemeji. Shemeji, ulituachia madarasa yanang'aa, mpaka leo watoto wanaogopa kuyachafua."

Mkewe akatabasamu. Wakakaa. Afisa akala, akasifu kuku, akasifu sakafu, akasifu ghorofa. Akatoa habari za nyumbani: nani kastaafu, nani kaoa tena, tarishi bado yupo na bado anaulizia mkoba. Kisha akajifuta mdomo.

"Tuambie basi, Mkurugenzi. Watu wangapi wako chini yako?"

Mkuu akakohoa. Hakika iliyopo ni kwamba hakuna aliyekuwa chini yake. Yeye ndiye aliyekuwa chini.

Hakujaliwa kujibu. Mlango wa nyuma uligongwa na kufunguliwa papo hapo, likaingia sweta lenye kiwiko wazi, mkasi wa ua kwapani, buti zimevuliwa, soksi moja ya kijani na moja ya kahawia. Afisa Elimu alimpima mara moja, akageukia sahani yake.

"Samahani, mna mgeni," alisema jaji. "Nilikuwa naomba ngazi. Mfereji wa paa la banda langu umeziba, na zile mbao uliahidi kuzipaka, jirani, naona leo kumekauka. Nimetazama gari silioni. Ngazi iko wapi?"

Afisa akatafuna polepole. "Ngazi ya nani?" akauliza, kwa udadisi tu.

Mke wa Mkuu aliweka uma chini. "Ngazi," alianza, "tuliazima kwa..." na Mkuu akaona anataka kumwongopea kwa niaba yake. Akaiona mikono ya mkewe pia juu ya kitambaa cha meza. Ilikuwa safi. Ilikuwa safi mpaka imekuwa myekundu, ngozi imechubuka pembeni mwa kucha, mikono ambayo kila siku alikuwa akiiona kutokea chini, ina madoa ya milango ya watu, na hakuna siku hata moja ilipotetemeka. Leo ilikuwa imejikunja kama ya mtoto aliyeitwa ofisini.

"Ngazi ni ya mke wangu," alisema Mkuu.

Afisa akamtazama.

"Anapaka rangi nyumba za watu. Ile siku shuleni alituambia, sisi tukajifanya wajuzi. Ngazi iko bafuni. Nimeificha mimi, kwa ajili yako. Yeye anapanda juu, mimi naishika chini. Hiyo ndiyo idara nzima."

Afisa akauweka mfupa wa kuku sahanini. Mkewe aliunyoosha mkono mmoja, akaulaza juu ya meza karibu na wake, wazi.

"Kumbe huna kesi," alisema jaji, kwa furaha ya kweli.

"Sina kesi, mheshimiwa. Na naomba radhi kwa kikombe."

"Mheshimiwa?" alinong'ona Afisa Elimu. "Huyu mkata majani?"

"Ni jaji."

Afisa alisimama haraka kiasi cha kuondoka na kitambaa cha meza hatua mbili. Jaji akamshika bega, akamkalisha, akamwomba kipande cha kuku kama kipo kilichobaki.

Ngazi ilihitaji watu wanne kuitoa bafuni. Mke akapotelea chumbani, akarudi na ovaroli, nywele amezifunga, na Mkuu akagundua kwamba asubuhi nzima hakuwa amemwona mwanamke huyu. Wakaisimamisha ubavuni mwa banda la jaji. Mkuu akapima hatua moja kwa nne, akaweka mguu kipago cha chini. Tai ilikuwa bado shingoni. Aliitupia begani isiguse.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Akapanda. Mkuu akatazama juu, nyayo za viatu vyake, kamba moja imelegea, na akawaza jambo ambalo hakuwa na pa kuliandika. Miaka kumi na mmoja watoto mia nne walisimama kila alipoingia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkabidhi shingo yake.

Mkewe alimaliza mbao za juu, akashuka akapaka mlango, rangi ya kijani, kisha akapanda tena kumalizia pembe. Jaji alileta chai. Vikombe vinne, kimoja hakina mkono, nacho alikichukua yeye mwenyewe. Afisa Elimu alipokea chake, akazunguka, akatafakari, akatafuta pa kusimama. Alikuwa mtu wa kufunga mijadala na mjadala ulikuwa wazi.

"Mkuu," alianza hatimaye, akaegemea kwa utulivu wa mtu mwenye hotuba, "nitakwenda kuwaambia nyumbani. Nitawaambia nimeona nchi ambapo jaji anakata majani na fundi analala ghorofani. Nitawaambia cheo si kiti, cheo ni moyo. Nitasema mbele ya walimu wote kwamba wewe, ndugu yangu, hukushuka hata kidogo, na kwamba leo hii, hapa nilipo, nimepata somo ambalo litabaki nami maisha yangu yote. Una neno lolote nikawapelekee?"

Mkuu alifikiri, mikono yote miwili kwenye ngazi.

"Umeegemea rangi mbichi," akasema.