Unga Uliosagwa Mara Mbili

Juzi nilikuwa kwenye mashine ya kusaga hapa Kasulu. Katika chumba cha pembeni, mwalimu mmoja alikuwa akiingiza programu mpya, ile inayogawiwa bure, kwenye kompyuta ya shule, disketi baada ya disketi. Umeme ulitoka kwenye injini hiyohiyo ya kusagia. Ikizimwa kabla hajamaliza, anaanza upya, na jana yake ilizimwa. Safari hii alikuja na debe lake la mahindi, akajiweka wa mwisho kwenye foleni ili injini izidi kunguruma.

Mahindi yakaisha. Mwenye mashine akanyoosha mkono kuzima.

“Mzee, bado disketi moja!”

“Dizeli sichoti mtoni, mwalimu.”

Mama mmoja aliyekwisha kujitwisha beseni lake akalitua, akaumimina unga wote tena kwenye mashine.

“Saga.”

“Mama, huu umeshalainika!”

“Kwangu bado. Saga.”

Akasaga. Hatimaye mwalimu akatokeza mlangoni, nyusi nyeupe kwa vumbi la unga. “Imewaka! Inaniuliza jina langu!”

Wataalamu wa mjini husema programu ile haina gharama. Hawakuliona beseni la yule mama likirudi nyumbani limepungua, unga uliokosekana ukiwa kwenye nyusi za mwalimu.