Gato ya Etaje Saba

Mama yangu aliuza mandazi sokoni Bunia miaka yote niliyosoma. Nilipomwambia kwamba ninaacha kufundisha darasa la tatu ili nitengeneze gato, keki za ndoa, aliniangalia kama mtu aliyesikia kwamba mwanawe atajilisha kwa kupiga miluzi.

"Gato iko kazi?" aliniuliza. "Watu wanakula mara moja, wanasahau."

Alikosea sehemu moja tu. Katika mji wetu watu hawaendi ndoani kula gato, wanaenda kuihesabu. Wanahesabu etaje, yaani ghorofa zake. Familia yenye etaje tatu ni watu wa kawaida. Yenye nne imejaribu. Yenye tano inazungumzwa mlangoni pa kanisa Jumapili inayofuata.

Nilianza kwa makaa, sufuria ndani ya sufuria, moto chini na moto juu ya kifuniko. Ndoa yangu kubwa ya kwanza ilikuwa Nyankunde. Niliondoka Bunia na etaje nne nimezikumbatia nyuma ya gari. Mashimo ya barabara yakazifanya moja. Nilifika na kitu kama uji mzito wenye maua. Nikaugawa kwa kijiko na kuwaambia wageni kwamba ndio mtindo mpya. Waliniamini. Njiani kurudi nililia.

Baada ya hapo aliniita mzee mmoja, mfugaji wa ng'ombe, baba mkubwa wa bi harusi aliyekuwa karibu kuolewa.

"Jirani aliweka etaje tano," alisema. "Siye tutaweka saba."

"Baba mukubwa, etaje saba ziko na uzito. Zitaanguka."

"Heshima yetu pia iko na uzito. Ilishaanguka siku gani?"

Nikampa shauri: etaje mbili za juu ziwe gato ya kweli, tano za chini ziwe frigolite, ile kitu nyeupe nyepesi inayofungwa pamoja na televisheni mpya ndani ya katoni. Nitaipaka sukari, hakuna atakayejua. Wageni watakatiwa gato nyingine jikoni. Alifurahi kupita kiasi. Alitaka hata zile mbili za juu ziwe frigolite.

Siku ya ndoa kila kitu kilisimama wima. Msema-chochote wa sherehe nilimwambia mara tatu: kisu kiguse juu tu. Lakini bi harusi alikuwa mfupi, kiti cha kupandia hakikuonekana, na mgeni wa heshima, mkubwa wa ofisi fulani, hakupenda kusubiri. Alichukua kisu mwenyewe akakiingiza katikati, etaje ya nne.

Kililia *kwiii*.

Alisukuma kwa mikono miwili mpaka kipande kikatoka. Kamera zilikuwa mbele ya uso wake. Akatangaza kwamba ataonja kwanza ili abariki chakula cha watoto, akakitia mdomoni. Akatafuna. Ukumbi mzima tukamsikiliza akitafuna. Bi harusi aliinamisha kichwa, mabega yakamtetemeka. Mashangazi wakasema analia kwa furaha. Mimi nilikuwa upande wake, niliona meno.

Hatimaye mkubwa akameza.

"Iko nyepesi," alisema kwenye maikrofoni. "Haina sukari mingi kama za hapa kwetu. Hii ni kazi ya Ulaya."

Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Mke wake akaniomba kipande cha kupeleka nyumbani. Nilimpa cha etaje ya juu, na usiku sikulala nikiwaza tumbo la yule mkubwa. Asubuhi nikasikia kwamba yuko kazini, mzima kabisa.

Wiki hiyo familia tatu zilikuja kwangu zikitaka "ile nyepesi ya Mukubwa". Mama mmoja nilimwambia ukweli, kwamba mkubwa alikula frigolite. Alikasirika.

"Unataka kusema Mukubwa hajui kula?"

Ikanibidi nitafute namna. Mwezi mzima nilipiga ute wa mayai mpaka mkono ukavimba, mpaka nikapata gato nyeupe isiyo na uzito na yenye sukari kidogo. Mama alikuwa wa kwanza kuionja. Alikula vipande viwili, kisha akauliza kama inaweza kukaangwa.

Gato hiyo ndiyo iliyonijengea jina. Sasa nina tanuri ya gesi, kibao mlangoni, na wasichana wanne ninaowafundisha kazi. Mkubwa mwenyewe alikuja kuagiza kwa ajili ya ndoa ya binti yake. Alionja ile nyeupe, akatafuna polepole, akasema ni nzuri, ila ya mwanzo ilikuwa na nguvu zaidi.

Siku hizi ninawaambia wateja wote mapema: etaje za kula ni ngapi na za kuangalia ni ngapi, chagueni wenyewe. Hawajadiliani muda mrefu. Karibu wote wanaomba za kuangalia ziwe nyingi.